Mrija wa Okiror

Malaba kuna watu wanaokula kwa sababu malori hayasongi. Foleni ikiwa ndefu, muuza chai anauza, mwenye vocha anauza, na Apolot, aliyekuwa akifua nguo za madereva, hakukosa kazi. Dereva anafika mpakani akidhani atavuka siku hiyo hiyo. Mara karatasi ya mzigo haijaingia kwenye mtandao, mara lakiri ya kontena haisomeki, na kabla hajajua anafanya nini shati limeshika chumvi mgongoni. Hapo ndipo Apolot alipopita kando ya magurudumu na beseni lake, akiita kwa sauti ndogo maana hakuwa mtu wa kupayuka: "Nguo, boss? Jioni ziko kavu."

Mumewe, Okiror, alishona maturubai ya malori hayo hayo. Alikuwa mrefu, mkimya, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kisigino kwa kuchomwa na sindano. Walizaa watoto watatu. Wawili walikufa wachanga, akabaki Egwang peke yake, na kila walichopata wawili hao kwenye foleni ile kilimwendea yeye. Egwang akasoma, akaenda Australia kusomea uuguzi, masomo yakaisha, akaajiriwa Perth kwenye nyumba ya kutunza wazee. Alikuwa akiwaogesha, akiwalisha, akiwageuza kitandani. Viza yake ilikuwa ya kungojea: akitoka nje ya nchi ile kabla ya kujibiwa, huenda asirudishwe. Kwa hiyo hakutoka.

Okiror alikuwa na starehe moja tu. Kila Jumamosi alasiri alikwenda kwa kaka yake mkubwa, Methuselah, boma la pili kutoka kwake kijijini kwao Kamuriai, wakakaa wanaume kuzunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi ya Waiteso, kila mmoja na mrija wake. Mrija wa Okiror ulikuwa wa baba yao. Ulitengenezwa kwa mmea mmoja mrefu wenye uwazi ndani, ukawa wa kahawia iliyoiva, laini kwa kushikwa. Mahali ulipopasuka zamani mtu aliuzungushia waya wa shaba. Kwenye ncha ya kuzamia chunguni kulikuwa na kichujio kidogo kilichosukwa, cha kuzuia machicha yasipande mdomoni. Okiror akirudi nyumbani aliuosha mwenyewe, akaupuliza, akaupandisha juu ya boriti za chumba cha kulala. Hakutaka mtu mwingine auoshe.

Jumamosi moja alirudi mapema, jua bado kali. Alisema kifua kinambana. Aliuweka mrija juu ya boriti bila kuuosha.

"Leta nikuoshee," Apolot alimwambia.

"Acha. Nitauosha kesho."

Kesho yake, wakati watu wa jirani wakijiandaa kwenda kanisani, Okiror alifariki akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni.

Mazishi Egwang aliyaona kwa simu. Binamu yake alishika simu juu, akamwonyesha jeneza, akamwonyesha mama yake chini ya turubai, na walipoanza kuteremsha jeneza mtandao ukakatika. Ulipoanza tena watu walikuwa wanatawanyika na udongo umeshapangwa. Egwang aliuliza, "Tayari?" Binamu akasema tayari. Egwang akakata simu.

Alikaa wiki kadhaa akipiga na kusema maneno machache. Halafu Jumapili moja baada ya ibada akamwambia mama yake, "Toto," maana ndivyo Waiteso wanavyomwita mama, "nataka kitu cha baba hapa kwangu."

"Nikutumie koti lake?"

"Koti hapana. Nitumie mrija."

Apolot aliinua macho kwenye boriti. "Baba yako mkubwa atakubali?"

"Mwombe. Na Toto, usije ukadanganya kwenye fomu ya posta. Huku wanafungua vitu. Wakikuta umeandika uongo wanaweka jina langu, na mimi bado nangoja karatasi."

Methuselah alikuwa mzee wa mwili mkavu na sauti nzito. Apolot alimkuta akinoa jembe. Alipoeleza, mzee aliweka jembe chini.

"Mama Egwang, ule mrija kabla ya kuwa wa Okiror ulikuwa wa baba yangu. Kwa haki mimi ndiye ningeurithi. Niliuacha kwake kwa sababu nilimpenda. Sasa uende kukaa kwa Wazungu? Huko nani atauwekea chungu?"

"Hatanywea, mzee. Anataka kuuona tu. Hakumzika baba yake."

Macho yakamlowa Methuselah, akageuza uso kama mtu anayetafuta kuku wake. "Mpelekee," akasema. "Lakini mwambie asiuning'inize jikoni. Moshi unaharibu."

Malaba, karibu na stendi, palikuwa na duka la Mujib, aliyepokea vifurushi vya kampuni za mabasi na za ndege. Kijana yule alimheshimu Apolot, aliyekuwa akimfulia kanzu za Ijumaa. Aliuangalia mrija ulioegemezwa ukutani, mrefu kumpita yeye mwenyewe, akacheka kwa huruma.

"Mama, kwa ndege hii itakula pesa mingi. Na Australia, wacha tu. Wale hata kijiti cha meno wanauliza kilitoka mti gani. Lakini mimi naweza kukuandikia 'pambo la plastiki.' Naizungushia nailoni, inapita."

"Mtoto amenikataza uongo."

"Basi nenda Posta, Busia. Kuna dada mmoja kaunta ya vifurushi, anaitwa Bridgit. Atakusaidia."

Bridgit alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Port Victoria, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Watu walimwogopa kwa sababu alikuwa akirudisha vitu. Siku ile, mbele ya Apolot, alikuwa amemrudishia mama mmoja mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, aliotaka kuutuma kwa bintiye Ulaya. Mama yule aliondoka akinung'unika, na mfuko ukiacha harufu nyuma yake.

"Karibu mama. Unatuma wapi?"

"Australia. Kwa kijana wangu."

Bridgit alivuta pumzi. Aliuchukua mrija kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. "Hii ni ya mzee?"

"Ni ya mume wangu. Amekufa."

"Pole sana, mama." Kisha akaanza kazi yake. Alimweleza kwamba kifurushi cha nje hakiletwi kikiwa kimefungwa. Kinaletwa wazi, kinakaguliwa, ndipo kinafungwa. Kina urefu wake, na mrija ule ukinyooshwa ulipita urefu unaokubaliwa. Kuna vitu ambavyo haviendi popote, kama vinavyolipuka na vinavyowaka, na kuna vingine ambavyo kila nchi inavikataa kwa orodha yake. Alifungua orodha ya Australia kwenye kompyuta, akaisoma kwa kidole.

"Udongo hapana. Mbegu hapana. Nyama, maziwa, manyoya, hapana. Kitu cha mti ama cha nyasi, wanaangalia. Lazima iwe kavu, haina gome, haina mdudu, haina mbegu, imeoshwa ikawa safi kabisa. Wakiona haiko safi wataandikia kijana wako barua. Atalipia isafishwe kwa dawa, ama airudishe, ama waiharibu. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa."

Bridgit alikishika kile kichujio cha ncha, akakisogeza karibu na miwani. "Sasa hapa ndani kuna kitu. Hii ni wimbi?"

"Ni machicha ya pombe. Siku yake ya mwisho hakuuosha."

"Basi osha vizuri. Loweka hapa, sugua na brashi. Mbegu hata moja hawataki. Na hii urefu, jaribu kuizungusha ikae kama kamba, ama itabidi ukate."

"Siwezi kuukata."

"Basi izungushe pole pole. Ukimaliza uje, mimi niko."

Asubuhi iliyofuata Apolot hakwenda kwenye foleni. Alichemsha maji, akayapoza kidogo, akaketi uwanjani na beseni katikati ya miguu. Alianza na sehemu ya kati. Alimimina maji ya vuguvugu kwa kikombe, akauacha mrija unywe, akaukunja kidogo, akamimina tena. Ulilia kidogo kwenye waya wa shaba lakini haukupasuka. Kufikia adhuhuri ulikuwa umekubali kujizungusha ukatoshea kwenye sinia, naye akaufunga kwa vipande vya kitambaa ili usijifungue.

Ikabaki ncha. Aliishika juu ya maji. Ndani ya ule msuko machicha yalikuwa yamekauka, ya rangi ya matofali, na alipokisogeza kichujio puani ilimjia ile harufu ya uchachu ya Jumamosi, harufu ya shati la Okiror akirudi jioni na kukaa karibu naye bila kusema kitu. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kufuliwa zote. Wanawake wa ukoo walizifua siku ya pili ya msiba kabla yeye hajapata nguvu ya kuwazuia. Kitandani hakukuwa tena na harufu yake. Ilibaki hapo tu.

Aliteremsha mkono mpaka maji yakamgusa vidole. Akauinua. Akauteremsha tena. Mwishowe alichukua mwiba wa mchungwa, akachokoa vipande vilivyoonekana kwa nje, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Inatosha."

Aliporudi Busia, Bridgit alifurahi kuona jinsi mrija ulivyojikunja bila kupasuka. "Mama, wewe ni fundi!" Aliugeuza huku na huku. Nyuma ya Apolot kulikuwa na watu wanaongoja, mmoja akigonga ufunguo wa pikipiki kwenye kaunta.

"Uliosha ncha?"

"Niliosha."

Bridgit alimwangalia usoni, akaridhika. Wakaanza kujaza fomu ya forodha. Jina la anayetuma, jina la anayepokea, namba za simu. Apolot aliulizwa namba yake, na namba iliyokuja mdomoni ilikuwa ya Okiror, ile aliyoijua kwa moyo miaka yote. Yake mwenyewe hakuwahi kuikariri. Bridgit akaiandika.

"Kilichomo: mrija wa kunywea, wa asili, wa mmea, umetumika. Sababu: zawadi. Thamani?"

"Thamani gani?"

"Bei, mama. Lazima tuandike bei."

"Hauuzwi."

"Najua. Lakini hapa haikubali nafasi wazi, na sifuri pia haikubali. Tuweke kitu kidogo, watu wa ushuru wa kule wasimsumbue."

Apolot aliangalia kalamu ikiandika tarakimu ndogo, ndogo kuliko bei ya beseni. Akatia sahihi chini yake. Bridgit akaufunga mrija kwa gazeti, akautia ndani ya sanduku bapa, akazungushia utepe, akapiga muhuri. Apolot aliligusa sanduku mara moja kabla halijaingizwa ndani.

Wakangoja. Kila Jumapili aliuliza, na kila Jumapili Egwang akasema bado. Ikapita miezi. Halafu Jumapili moja akapiga na sauti yake ilikuwa na haraka.

"Toto, umefika."

"Umefika? Mzima?"

"Mzima. Haukuvunjika."

Apolot alikaa chini kwenye kizingiti. "Umeuweka wapi?"

"Nimeutundika ukutani, sebuleni. Juu ya kochi. Wenzangu wa kazi walikuja wakauliza ni nini, nikawaeleza."

"Jikoni usiupeleke."

"Sitaupeleka."

Siku ile ile alikwenda kwa Methuselah kumwambia. Mzee alitoka nje, akawaita wale wa chungu, na akawatangazia kama mtu anayetangaza harusi: mrija wa baba yake uko salama ng'ambo, kwenye ukuta wa nyumba ya mtoto wao, na Wazungu wanaingia wanauliza. Tangu Okiror afe, mzee alikuwa hajacheka. Alicheka siku ile. Apolot alirudi nyumbani akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Mwaka ule ulipokuwa unaisha, Egwang alihitaji nakala ya cheti cha kifo cha baba yake iliyopigwa muhuri, kwa ajili ya karatasi zake. Apolot akaipeleka Posta ya Busia. Bridgit alimtambua kutoka mbali, lakini badala ya kutabasamu alisimama.

"Mama! Wewe nimekutafuta sana. Nimepigia ile namba yako mpaka nimechoka, iko mteja hapatikani."

Namba ya Okiror ilikuwa imezimwa tangu siku ya mazishi.

Bridgit alimwingiza pembeni ya kaunta, akampa kiti, akafungua kompyuta. "Ile mrija yako haikufika kwa kijana. Ilifika Australia, ndiyo, lakini ikashikwa na watu wa karantini. Wametuma na maelezo." Aliinamisha kichwa akisoma. "Wanasema walikuta mbegu kwenye ncha. Walimwandikia mwenye kupokea achague alipe isafishwe ama irudishwe. Hakujibu ndani ya muda. Ikachomwa."

"Ikachomwa."

"Ndiyo, mama. Pole."

"Lini?"

Bridgit akamwambia mwezi. Apolot akahesabu nyuma kimoyomoyo. Ulichomwa kabla ya ile Jumapili ya 'umefika.' Siku ambayo Egwang alisema wenzake wa kazi wanauliza ni nini, mrija ulikuwa umeshakuwa majivu.

"Kijana hakukuambia?" Bridgit aliuliza.

"Aliniambia."

Bridgit alimwangalia, na Apolot akajua kwamba yule mwanamke ameelewa, na pia kwamba anakumbuka swali alilomwuliza siku ile kuhusu ncha. Hakulirudia. Alitoka nje ya kaunta, akamnunulia soda kwa mchuuzi wa mlangoni, akasimama karibu naye mpaka akaimaliza.

Njia nzima Apolot aliwaza kuhusu ile barua. Labda Egwang alikuwa kwenye zamu za usiku mfululizo. Labda aliiweka mezani akingoja mshahara, siku zikamkimbia. Labda aliifungua ikiwa imechelewa, akakaa na aibu yake mpaka akatunga ule ukuta na lile kochi. Hakumkasirikia hata kidogo. Angewezaje? Barua isingeandikwa kama ile ncha ingekuwa imeoshwa. Maji yalikuwapo, brashi ilikuwapo, na yeye ni mwanamke aliyetoa madoa ya grisi kwenye nguo za nusu ya madereva wa Afrika Mashariki.

Jumapili simu ikalia.

"Toto, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Mrija haujambo?"

"Haujambo. Upo hapa, nauona."

"Vumbi haliushiki?"

"Naupangusa."

"Vizuri," Apolot akasema. "Endelea kuupangusa."

Hakumwambia Methuselah. Alijaribu mara moja, akaenda hadi mlangoni, akamkuta mzee amelala kwenye mkeka na kikohozi kinamtikisa, akageuza. Hakumwambia mtu yeyote. Mtu pekee aliyejua ni Bridgit, na mwaka uliofuata Bridgit akahamishiwa Kitale. Apolot alipata habari hiyo kwa mgeni aliyemkuta kwenye kaunta, akashangaa jinsi ilivyomuuma, kana kwamba amefiwa tena.

Karatasi za Egwang zilikubaliwa hatimaye. Alipiga akilia, akasema atakuja Desemba. Ukoo mzima ulifurahi. Apolot naye alifurahi, lakini ilikuwa furaha yenye mchanga ndani yake. Alijua watakapoketi watu kumpokea, swali litaulizwa, na mtoto wake hakujifunza kusema uongo ana kwa ana. Kwa simu ni rahisi. Mbele ya chungu cha baba yako ni kitu kingine.

Egwang alikuja amenenepa kidogo, nywele zimeanza kurudi nyuma kama za Okiror. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akachuchumaa hapo mpaka chakula kikapoa. Alasiri watu wakajaa kwa Methuselah. Chungu kikawekwa katikati, wanawake wakaleta maji ya moto ya kuongezea, na Egwang akaazimwa mrija na mjomba wake. Mazungumzo yalikuwa ya foleni, ya bei ya mahindi, ya daraja. Halafu Methuselah, aliyekuwa amezeeka ghafla na kuhitaji kuinuliwa kwenye kiti, akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Mtoto wangu. Mrija wa babu yako uliuacha na nani?"

Egwang aliweka mrija aliouazima pembeni. Alifungua mdomo. Apolot alikuwa amesimama nyuma ya wanaume na birika mkononi, akaona masikio ya mwanawe yakibadilika rangi, kama yalivyokuwa akiwa mdogo.

"Baba mkubwa," Egwang akaanza, "ule mrija..."

"Upo kwenye ukuta," Apolot akasema.

Watu wakageuka. Haikuwa kawaida yake kusema penye wanaume.

"Upo sebuleni, juu ya kochi. Alinionyesha kwa simu. Anaupangusa kila wiki." Akasogea mbele, akamimina maji chunguni. "Ameufungia mlango, mzee. Hakuna mtu wa kuugusa mpaka arudi."

Methuselah aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. "Vizuri. Vizuri sana. Ndugu yangu anaitazama dunia." Watu wakacheka, mazungumzo yakarudi kwenye mahindi.

Egwang hakucheka. Alikuwa anamwangalia mama yake, na hakuwahi kumwonyesha kitu chochote kwa simu. Wote wawili walilijua hilo.

Waliporudi nyumbani jua likizama, alisimama kwenye uwanja. "Toto, mimi..."

"Umechoka. Ingia ule."

"Ngoja nikuambie. Ile barua yao nilikuwa..."

"Egwang," alimkatiza, "usiniambie." Alitaka kuongeza: si wewe, ni mimi, niliambiwa nioshe na sikuosha. Lakini akimwambia hayo ingebidi amweleze na sababu, kwamba alitaka kubaki na harufu, na harufu yenyewe akaituma mbali kwenye sanduku kama mtu asiye na akili. Hakujua mtu anayaanza vipi maneno kama hayo kwa mtoto aliyemkosa baba mara mbili. Akaingia ndani kuwasha taa. Egwang alibaki nje kwa muda, kisha akaingia, wakala.

Likizo ilikwisha haraka. Asubuhi ya kuondoka Apolot alikuwa amepanga vitu mezani: karanga za kukaanga, simsim iliyosagwa, samaki mkavu, na kikapu kidogo cha majani ya mitende alichokifuma dada yake. Egwang aliviangalia kimoja kimoja, akitafuta jinsi ya kusema.

"Hata karanga?" mama yake akauliza.

"Hata karanga, Toto. Uwanja wa ndege kule wameshaliandika jina langu. Sitaki wanisimamishe."

"Basi."

Wakakumbatiana. Begi lake lilikuwa jepesi kuliko alipokuja nalo, maana alikuwa amegawa nguo zote. Teksi ikapinda kwenye kituo cha mafuta, ikapotea.

Apolot alivirudisha vile vitu kabatini. Kikapu alimpa mtoto wa jirani. Kisha akavaa kanga ya kazi, akateremka hadi barabarani, ambako foleni ilikuwa imefika mbali kupita alivyotarajia. Dereva mmoja wa Tanzania, mgeni kwake, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori na furushi la mashati miguuni.

"Mama, unafua?"

"Nafua," akasema, akalichukua.